Visu vya nkambo: msiguse mashine kabla hamjasoma lile kopo

SWALI

Wapendwa wa safu ya ushauri, mujambo.

Nkambo wetu mwanaume, yaani babu, alikuwa ajusta, fundi wa kuchonga na kuunganisha vyuma, katika karakana za kampani hapa Lubumbashi. Alipopata pensheni aliendelea kutengeneza visu vya kukunja, vya mfukoni, nyuma ya nyumba, Katuba. Alitutoka mwaka jana. Baada ya miezi miwili tunaondoa kilio, sherehe ya kumaliza matanga, na familia imenikabidhi sanduku lake: nitayarishe visu vionyeshwe siku hiyo, niandike na kumbukumbu yake.

Ndani kuna visu sita. Vitatu vina mpini wa mti mwekundu, na kimoja kati ya hivyo kimekwama, hakifunguki. Viwili ni vya pembe ya ng'ombe. Kimoja kina mpini mweupe, hatujui ni wa nini. Kuna na cha saba, Okapi yenye mwezi na nyota kwenye mpini. Baba mdogo anaapa kwamba nkambo ndiye aliyeitengeneza. Kisha kuna vipande vitatu vya bati vilivyokatwa kwa umbo la kisu, vina matundu, na kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma vyembamba vilivyovunjika na kupinda.

Baba mdogo anataka visu vyote viende kwenye mashine ya kung'arishia, na kopo litupwe. Shangazi anasema ndimu inatosha. Binamu wa Ndola anaomba apewe kile cheupe. Nkambo mwanamke yupo, ana miaka 84, lakini nikimwambia "tusimulie nkambo alikuwa namna gani" ananijibu "alikuwa mtu muzuri", basi, ananyamaza. Nianzie wapi?

Mjukuu, Katuba

JIBU

Mjukuu wetu, anza kwa kuficha lile kopo mahali ambapo mkono wa baba mdogo haufiki. Visu vinaweza kungoja wiki mbili bila kuharibika. Kopo likishatupwa jalalani, ndiyo imekwisha.

Vile vyuma vyembamba ni resori za mgongo, yaani springi. Ndizo zinazokibana kisu kisikufungie vidole kikiwa wazi, na kisijifungue mfukoni kikiwa kimefungwa. Kisu cha aina hii hakina vitu vingi: bapa (chuma chenye makali), resori, bamba mbili za shaba, vipande viwili vya mpini na riveti tatu (pini za kuvishikanisha). Bapa, mtu yeyote mwenye tupa na subira atalitoa. Fundi hujulikana kwa resori, kwa sababu inatakiwa iwe ngumu kiasi cha kurudi kila inaposukumwa, na isiwe ngumu hadi kukatika. Chuma cha resori ya gari hupashwa moto mpaka sumaku isikishike tena, kisha kinazidishiwa kidogo, karibu digrii 830 hadi 850, kinazamishwa katika oili yenye uvuguvugu. Hapo ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Inabidi kipashwe mara ya pili, polepole, huku kikiwa kimesuguliwa kikang'aa ili rangi ionekane ikitembea juu yake: manjano ya majani makavu karibu na digrii 220, kahawia, zambarau, halafu buluu karibu na 300. Bapa husimamishwa kwenye manjano. Resori huachwa mpaka buluu. Kwenye moto wa makaa, kati ya rangi moja na inayofuata ni sekunde chache tu, na makopo kama lile hujaa hapo.

Kwa hiyo lisome. Mwaga vyote juu ya gazeti, jua la asubuhi likiwa pembeni, utafute lupu, kile kioo cha kukuza vitu. Tazama mahali palipokatika, si pale palipong'aa. Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, moto wa kwanza ulizidi. Ukiona chembe laini, kijivu, kama majivu yaliyochekechwa, na chuma kimekatika kikavu bila kupinda, moto wa kwanza ulikuwa sawa ila ule wa pili haukutosha. Resori iliyopinda ikabaki hivyo ilipitishwa buluu, au haikupata ugumu tangu mwanzo. Iliyokatika kwenye tundu la katikati ina kosa lingine kabisa: tundu lilikaribia mno ukingo, au lilitobolewa likaachwa na kingo kali ndani, na ufa ukaanzia pale. Panga makundi manne, hesabu kila kundi, piga picha na rula pembeni. Mkiyaweka makundi hayo mezani siku ya kuondoa kilio, na karatasi ndogo ya maelezo kwa kila moja, mafundi watakaokuja watasimama hapo kuliko kwenye visu. Huo ndio mtazamo wetu, na baba mdogo ana haki ya kuupinga.

Usisugue kutu kwenye sehemu zilizokatika. Chembe zenyewe zitapotea. Tone la oili linatosha.

Vile vipande vya bati ni vielelezo vyake. Fundi huweka bati juu ya bamba za shaba, anatoboa kupitia matundu yaleyale, ili kila kisu kifanane na mwenzake. Hapa ndipo utajua kipi ni chake. Weka kielelezo juu ya kisu kilichofungwa na utazame vichwa vya riveti: vyote vitatu vikikaa ndani ya matundu, umepata. Riveti ya katikati ikikosea hata nusu milimita, resori huinuka juu ya mpini kisu kikiwa wazi, au inazama. Pitisha ukucha mgongoni, kutoka kwenye bapa kuja kwenye resori. Ukucha ukikwama, hicho ni kati ya vile ambavyo vipimo vilimsumbua. Ukiteleza moja kwa moja, kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, mikono yake ilikuwa imeshazoea kazi hiyo.

Kuhusu Okapi, samahani kwa baba mdogo. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, viuzwe katika makoloni yao ya Afrika, na walivipa jina la mnyama wa msitu wetu wa Ituri ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemwandika mwaka mmoja tu kabla. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikuta neno Solingen au Germany kwenye bapa, basi ni cha kabla ya hapo. Hata hivyo, msimkatie maneno haraka. Tazama riveti zake. Moja ikiwa na rangi tofauti na nyingine, au kichwa chake kimegongwa kwa nyundo na si kwa mashine, nkambo alikifungua akakitengeneza upya. Baba mdogo anaweza kuwa aliona kazi hiyo kwa macho yake akiwa mtoto. Muulize aliona nini hasa, si nani aliyekitengeneza.

Nkambo mwanamke naye muulize kwa njia hiyohiyo. Swali lako ni kubwa mno kwa mtu aliyekaa na yule mzee miaka yote hiyo, ataanzia wapi? Mpe kisu kimoja mkononi, kilichofungwa, na unyamaze dakika nzima. Kisha uliza kwa kipande. Chuma hiki kilitoka wapi? Makaa yalinunuliwa au yalichomwa? Nani alivuta mvukuto? Alizamishia chuma ndani ya chombo gani, na harufu yake ilifika wapi ndani ya nyumba? Alifanya kazi mchana au jioni? (Wengi hupasha chuma giza likiingia, maana juani rangi ya moto haisomeki.) Nani alikuja kununua, na wale waliokopa bila kulipa walikuwa akina nani? Swali hilo la mwisho halijawahi kumnyamazisha mtu.

Rekodi kwa simu, dakika 20 hadi 30 kwa siku moja, isizidi. Mwanzoni taja tarehe, mahali, waliopo na namba ya kisu kilicho mkononi mwake. Mwache aseme Kiswahili cha hapa kwetu, Kiluba au Kibemba, apendavyo, na majina ya vyombo uyaandike kama anavyoyatamka. Ukiyabadilisha kuwa Kifaransa ili yaonekane mazuri umepoteza nusu. Usimsahihishe. Akisema mwaka usioingiliana na unavyojua, uliza ni wakati Katanga ilipoitwa Shaba au kabla, maana jina hilo lilianza 1971 na kuondolewa 1997, na watu wa umri wake hukumbuka kwa majina kuliko kwa tarakimu. Usiku huohuo nakili sauti kwenye simu ya pili au kompyuta.

Halafu linganisha maneno na chuma. Mmoja akisema mapande ya visu yalitoka kwenye tupa kuukuu na mwingine akasema ni resori za malori, tazama mgongo wa bapa na ile sehemu iliyojificha karibu na riveti: tupa huacha mikwaruzo ya meno yake inayokatizana, hata baada ya kusuguliwa sana. Usipoiona, tupa haijakanushwa, ila haijathibitishwa. Andika maneno ya wote wawili na uache hivyo.

Sasa usafi. Mashine, hapana. Gurudumu linapasha joto na makali ni membamba kama karatasi. Yakigeuka buluu, ule ugumu aliousimamisha kwenye manjano umekwisha, na hakuna wa kuurudisha bila kubomoa kisu. Litafuta mikwaruzo ya tupa yake, litafuta na chapa kama iko. Tena gurudumu hunasa kisu cha kukunja na kukirusha tumboni mwa mtu. Ndimu nayo haifai, shangazi atatusamehe. Tindikali yake hula kutu na chuma pamoja, inaacha bapa la kijivu lililokufa, inaingia kwenye kiungo ambako maji ya kuisuuza hayafiki, na huko inaendelea kula.

Kutu nyekundu, ile inayoacha unga kidoleni, ndiyo ya kuondoa. Weusi au ubuluu uliotulia juu ya bapa uuache; hauli chuma, na ni rangi ya miaka ya maembe na mihogo. Chombo cha kazi hiyo kimejaa jijini: chukua waya wa umeme wa shaba nyekundu, unene wa milimita 3 hivi, ugonge ncha yake iwe bapa kama kipasuo kidogo. Weka tone la oili ya cherehani, kwangua taratibu kuelekea upande mmoja. Shaba ni laini kuliko chuma kilichotiwa ugumu, kwa hiyo inang'oa kutu na haichori bapa. Futa, rudia. Saa moja kwa kisu ni kawaida. Kijani kilichoota pembeni mwa bamba ni kutu ya shaba. Kitoe kwa kijiti cha meno na kitambaa kikavu.

Mipini ile ya mti mwekundu huenda ikawa mukula au mulombwa. Usiifute kwa pombe kali wala alkoli ya famasi: wekundu wa miti hiyo huyeyuka ndani ya alkoli, kitambaa kitatoka kimelowa kama damu na mpini utabaki na madoa. Kitambaa kikavu, na nta kidogo ya nyuki ukiipata. Mafuta ya mawese au ya kupikia yasikaribie, yanageuka gundi baada ya miezi. Pembe ya ng'ombe ina shida ya msimu. Kufika Septemba na Oktoba hewa yetu imekauka, pembe inasinyaa, riveti hazisogei, na ufa unaanzia kwenye riveti. Ukiuona, usijaze gundi ya haraka. Kiweke kisu mbali na dirisha na bati la paa lenye joto.

Kile kilichokwama, usikivute kwa koleo. Changanya oili ya moteri na mafuta ya taa nusu kwa nusu. Kining'inize kisu kichwa chini, kiungo kiwe chini kabisa, ili mchanganyiko usikimbilie kwenye mti, kisha weka matone matatu asubuhi na matatu jioni kwa siku mbili. Siku ya tatu funga jiliwani, ile mnayoiita eto, mgongo wa bapa unaojitokeza juu ya mpini, katikati ya vipande viwili vya ngozi, bila kukaza sana, uzungushe mpini kwa mikono. Kikisogea milimita mbili, simama. Tone lingine, rudisha, sogeza tena, mara kumi au kumi na tano. Itatoka tope nyeusi yenye wekundu. Ifute kila mara, la sivyo inarudi ndani. Makali yafungwe kitambaa mara tu yanapoonekana, kwa sababu resori ikiachia ghafla inakata. Mwishoni futa mafuta ya taa yote, maana yakikauka yanaacha chuma kitupu, uweke oili ya cherehani, tone moja. Baada ya siku tano bila kusogea, kutu imeunganisha resori na bamba na riveti lazima itolewe. Hiyo ni kazi ya fundi wa kufuli au wa bunduki, si ya nyumbani, na kielelezo chenu cha bati kitamsaidia. Au kibaki kimefungwa. Kisu kilichofungwa nacho kinaonyeshwa.

Mpini mweupe. Tazama ncha yake ya nyuma, pale palipokatwa kwa upana. Mistari myembamba inayokatizana kama wavu ni pembe ya ndovu. Vidoa vidogo vyeusi kama alama za sindano ni mfupa. Usipoona kitu, sugua kwa kidole gumba mpaka upate joto na unuse: harufu ya kafuri ni seluloidi, plastiki ya zamani. Mtu asikudanganye uichome kwa sindano ya moto, seluloidi inawaka kama kiberiti. Nayo ikizeeka hutoa mvuke unaoozesha chuma cha jirani, kwa hiyo ilale sanduku la peke yake. Ikiwa ni ndovu, binamu wa Ndola asivuke nayo Kasumbalesa mfukoni: biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilifungwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa 1989, na mpakani hakuna atakayesikiliza kwamba ni kumbukumbu ya mzee. Bila kibali, inakamatwa.

Tena si wewe wa kumpa wala kumnyima. Kwa Kanuni ya Familia ya 1987, watoto wa marehemu ndio warithi wa daraja la kwanza, na mke aliyeachwa yumo katika daraja la pili, si nje. Wewe umekabidhiwa kutunza. Funga kikaratasi chenye namba kwa uzi kwenye kila kisu, usibandike gundi kwenye mpini, piga picha pande zote mbili na kikiwa wazi, uandike ukurasa mmoja kwa kila namba. Wazee wakishagawana, andika kila namba imekwenda kwa nani. Kwa namna hiyo vikitawanyika, kumbukumbu yenu haitawanyiki navyo.

Baada ya sherehe visirudi kwenye mifuko ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuuweka juu ya chuma na shaba. Kitambaa safi cha pamba, sanduku la mbao, na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Vifungue mara mbili kwa mwaka: Novemba mvua zikishika, na Mei zikishaisha. Novemba unatafuta unga mwekundu kwenye kiungo, Mei unatazama kama pembe imeanza kuachana na shaba.